Joho Limevuliwa, Twende Las Vegas: U2 Ndani ya Sphere

Asiye na muda wa kusoma hadi mwisho achukue hili aondoke nalo: kama mume au mke wako amehitimu, na mfuko unaruhusu bila kukopa, mpeleke Sphere! Tulikwenda kuiona bendi ya roki ya U2 ndani ya Sphere, lile jumba la duara la Las Vegas, mwili bado unatetemeka kwa furaha, na sijaona zawadi ya mahafali inayofika hata nusu ya hii. Walianza kwa kutangaza maonyesho machache, watu wakagombania tiketi, wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka yakafika 40. La mwisho lilikuwa tarehe 2 Machi 2024. 

Tuanze na mwenye sherehe. Mke wangu alipata shahada ya uuguzi Desemba, kabla ya safari hii, hapa Arizona. Mlioko ughaibuni mnaijua njia hiyo. Usiku yuko zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, asubuhi darasani, alasiri wodini kwa mafunzo ya vitendo, jioni watoto wanamsubiri na madaftari yao. Meza ya jikoni iligeuka maktaba: kadi za majina ya dawa, kalamu za rangi, kikombe cha chai iliyopoa. Na masikioni mwake, U2. Aliwapenda tangu akiwa msichana Dar es Salaam, kwa kaseti ya kaka yake ya "The Joshua Tree", albamu ya mwaka 1987. Anasema gitaa la The Edge, mpiga gitaa wa bendi hiyo, linamweka macho bila kumvuruga akili. Kwa hiyo hizi nyimbo zimesoma naye. Zimekariri dozi pamoja naye.

Mahafali yenyewe tuliyafanya ya kwetu hasa. Tulimvisha mashada ya maua juu ya joho, shangazi zake wakapiga vigelegele ukumbi mzima ukageuka, mama mkwe akafuatilia kila kitu kwa simu ya video kutoka Tanga, usiku wa manane, kajifunga khanga mpya. Pilau ikaliwa, keki ikakatwa. Lakini sherehe za nyumbani tunazijua: mwenye sherehe ndiye anayeishia kuuliza nani hajapata soda. Nilitaka apate siku yake, asimhudumie mtu yeyote. Nikanunua tiketi mbili.

Safari nayo ni sehemu ya zawadi, msiipande ndege kama mnaweza kuendesha! Kutoka Phoenix unaelekea kaskazini magharibi, na ukifika Wickenburg unashika barabara namba 93. Ukishaipita Wickenburg, jangwa linaanza kuota miti ya joshua pande zote mbili, ile yenye mikono iliyojikunja na majani ya miiba, ambayo ndiyo iliyoipa albamu ya U2 jina lake. Mke wangu aliteremsha kioo akawa anaihesabu kwa sauti mpaka ikamshinda. Halafu Kingman, halafu daraja kubwa linalovuka mto Colorado mbele ya bwawa la Hoover, na baada ya hapo Las Vegas inaanza kung'aa bondeni.

Na katikati ya mng'ao wote huo, jumba lenyewe.

Jamani. Picha za simu hazilitendei haki. Sphere lina kimo cha mita 112 na upana wa mita 157, na ngozi yake yote ya nje ni taa. Visahani vya taa milioni 1.2, kila kimoja na vijitaa 48 ndani yake! Liliwashwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Julai 2023, siku ya uhuru wa Marekani, na tangu hapo madereva wa Las Vegas hawajatulia. Tulipofika lilikuwa mwezi, pamoja na mashimo yake yote. Tukaegesha gari, tukageuka, limekuwa jicho linalotutazama. Tukatembea kidogo, limekuwa mpira wa kikapu. Mke wangu, mtu mzima aliyezoea kuona kila kitu wodini, alisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu linalotokea hoteli ya Venetian akashindwa kuendelea. Watu wakatupita. Sikumharakisha.

Gharama ya kulijenga ni dola bilioni 2.3. Ukiingia ndani unaanza kuelewa zilikwenda wapi.

Kwanza, hadaa tamu. Unaingia ukitegemea skrini, huoni skrini. Unaona kuta za zege, kuukuu, zimepanda juu kama za hekalu la kale la Roma, na kileleni kuna tundu linalopitisha mwanga wa anga. Nilikaa nikiwaza kumbe ukumbi hawajaumalizia. Kisha ndege akapita kule juu, akaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hapo ndipo nilipong'amua: zege lote lile ni picha! Nimekwishaingia ndani ya skrini bila kujua. Ina ukubwa wa meta za mraba zipatazo 15,000, viwanja viwili vya soka, imekuzunguka kutoka mbele, ikapanda juu ya kichwa chako, ikashuka mpaka nyuma ya mabega. Na inaonyesha kwa ubora wa 16K, kiasi kwamba jicho halioni mahali picha inapoanza wala inapoishia.

Chini, jukwaa dogo la kushangaza. Ni umbo la sahani ya santuri yenye kisanduku chake, limetokana na kazi ya sanaa ya Brian Eno, ambaye ni miongoni mwa watayarishaji wa albamu zao kubwa. Linabadilika rangi taratibu, zambarau ikayeyuka ikawa chungwa. Hakuna mapipa ya spika, hakuna milingoti, hakuna minyororo ya taa. Watu wanne na vyombo vyao. Basi!

Halafu Bono, mwimbaji wao, akatoka.

Nieleze kwanza walichopiga. Kiini cha onyesho kilikuwa "Achtung Baby", albamu yao ya mwaka 1991, nyimbo zake zote 12. Kwa mashabiki hii ndiyo albamu ya kuzaliwa upya. Bendi ilifika Berlin kurekodi katika studio za Hansa tarehe 3 Oktoba 1990, siku ileile Ujerumani mbili zilipoungana, na wao wenyewe nusura wasambaratike kwa kutoelewana. Kilichowaokoa ni wimbo mmoja uliowajia pale studio, "One". Albamu iliyozaliwa katika mvutano wa namna hiyo, ukiisikiliza ukiwa ndani ya ndoa, unaijua kila kona yake.

"Zoo Station" ikaanza. Gitaa likakwaruza, na kuta za zege zikapasuka! Ufa ukapita katikati kwa umbo la msalaba, nuru ikamwagika, Bono akatokea mkubwa kuliko ghorofa. Kishindo cha watu kilitunyanyua vitini. Ikafuata "The Fly", na hapa nawaambia ukweli, nilishika mkono wa kiti. Tarakimu na maneno vilipanda ukutani kwa kasi, vikajaa, na kisha dari likaanza kushuka. Lilishuka! Duara likageuka sanduku, dari bapa likatuinamia vichwani, watu wakainua mikono wenyewe bila kupenda. Ubongo unajua ni taa. Shingo haijui.

Kabla hatujapumua, "Even Better Than the Real Thing". Msanii Marco Brambilla ametengeneza pazia la vipande vya filamu za Elvis Presley, mmoja amepangwa juu ya mwingine, Elvis wa kila umri, dhahabu na nakshi za Las Vegas zikitiririka kwenda chini. Na kwa kuwa picha inashuka, wewe unahisi unapanda. Ukumbi mzima unanyanyuka kama lifti! Mke wangu alinishika bega, akasema, "Baba watoto, tunapaa."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Na mimi nilimsikia.

Hapo ndipo penye siri ya Sphere, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Watu wote wanasifia skrini. Wacha waisifie, inastahili. Lakini muujiza mkubwa zaidi ni sauti. Nyuma ya skrini ile, bila wewe kuliona hata moja, kuna masanduku ya spika 1,600 ya kudumu na mengine 300 ya kuhamishika, yenye vipaza jumla ya takriban 167,000, kazi ya kampuni ya Kijerumani iitwayo Holoplot. Skrini ina matundu, sauti inapenya. Na kompyuta inaielekeza sauti hiyo kwa vifungu, kila eneo la viti likapelekewa fungu lake, badala ya kuimwaga yote ukumbini igongane na kuta. Matokeo yake ni kwamba aliyekaa juu kabisa anapata muziki uleule, kwa kipimo kilekile, wa aliyesimama mbele ya jukwaa.

Mnaotokea kwenye muziki wa dansi mtanielewa haraka. Sisi tumelelewa kulisikiliza gitaa la solo, tukalitenga na rithimu, tukalitenga na besi, kila moja na njia yake. Kwenye matamasha makubwa ya roki kazi hiyo huwa haiwezekani, kila kitu kinakuja kimevurugika, unatoka masikio yanavuma. Hapa besi ya Adam Clayton ilikuwa inatembea kifuani peke yake. Gitaa la The Edge lilikuwa juu kushoto, noti moja inatoka, mwangwi wake unaifuata, mwangwi wa mwangwi unafuata, na ningeweza kuzihesabu. Kwenye "Until the End of the World" mke wangu alifumba macho. Skrini ya mamilioni ya dola iko mbele yake, yeye kafumba macho! "Sikia kidole kinavyoteleza kwenye waya," akaniambia. Nikasikia. Ule mkwaruzo mdogo kabisa, kabla ya noti kubadilika, tukiwa safu nyingi kutoka jukwaani.

Tukawa tunaongea. Katikati ya tamasha la roki, watu zaidi ya elfu kumi na tano wanaruka, mimi na mke wangu tunaongea kwa starehe zetu. Ananieleza aliusikia wimbo huu usiku gani, alikuwa anasoma sura ipi, mgonjwa gani alimwomba ausikie naye. Mambo ambayo kwa muda wote wa masomo hatukupata nafasi ya kuyasema, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunapishana mlangoni: yeye anaingia, mimi natoka, funguo mkononi, tunanong'ona watoto wasiamke. Imebidi twende ndani ya jumba lenye spika nyingi kuliko popote nilipowahi kuingia ili tuzungumze hadi tukashiba. Nasema kwa moyo wote, hiyo peke yake inalipa tiketi.

Nirudi jukwaani. Mpiga dramu, Bram van den Berg kutoka Uholanzi, alikaa mahali pa Larry Mullen Jr., aliyekuwa amefanyiwa upasuaji na akijiuguza wakati huo. Larry ndiye aliyewakusanya wenzake shuleni Dublin mwaka 1976, kwa hiyo kiti hicho kilikuwa kizito. Bram alikimudu! Alipiga kwa adabu na kwa nguvu, na kwenye "Acrobat" alituchanachana. Bono, aliyekuwa na miaka 63, sauti yake bado ilipanda pale pa kupanda, na pale isipofika aliimba kwa moyo, ukumbi ukammalizia.

Kwenye "Tryin' to Throw Your Arms Around the World" kuna kitu kidogo ambacho sitakisahau. Kamba ya mashuka yaliyofungwa mafundo, mashuka ya kweli, inashuka mpaka jukwaani. Ukiifuata kwa macho kwenda juu, mahali fulani inaacha kuwa kamba na inakuwa picha, na juu kabisa imeshika puto linaloelea. Nilitafuta kiungo. Nilitafuta tena. Sikukiona.

Katikati ya onyesho skrini inapumzika, na huo ni uamuzi wa busara sana wa Willie Williams, mbunifu aliyewatengenezea U2 maonyesho yao kwa miongo. Wanabaki wenyewe juu ya sahani ya Eno inayobadilika rangi, wanapiga nyimbo za albamu nyingine kwa upole, karibu na watu. Ukumbi mkubwa unakuwa sebule. Kujua kama bendi ni bendi au ni taa tu, kipande hiki kilitosha. Hawa ni bendi!

Kisha dakika za mwisho, na hapo usipime. "Atomic City", wimbo waliouandikia Las Vegas. Kuta zinatoweka, na unaiona Las Vegas yenyewe kule nje, mahoteli, gurudumu kubwa, barabara, kana kwamba jumba limekuwa la kioo. Halafu jiji linaanza kubomolewa. Ghorofa linateremka tofali kwa tofali, mitambo ya ujenzi inafanya kazi kinyumenyume, mpaka linabaki jangwa tupu. Na juu ya jangwa hilo hilo jua linachomoza, "Where the Streets Have No Name" inaanza, na bendera ya mvuke mweupe, kazi ya msanii John Gerrard wa Ireland, inapepea mbele yako yenye kimo cha mlima. Lile jangwa tuliloendesha gari mchana! Miti ile! Mke wangu alikuwa amesimama juu ya vidole, mikono hewani, analia na kucheka kwa pamoja, na nikajua kwamba usingizi wote aliokosa umelipwa mbele ya macho yangu.

Ilipokuja "With or Without You" nikamkumbuka mke wa Bono, Ali Hewson. Walianza uchumba wakiwa wanafunzi, mwaka uleule bendi ilipoundwa. Mwaka 1989, mumewe akiwa tayari nyota wa dunia nzima, Ali alihitimu shahada ya siasa na sosholojia katika University College Dublin, na mwaka huohuo akajifungua binti yao wa kwanza. Mtihani na mtoto mchanga kwa pamoja! Wake zetu wanaosoma huku wakilea hawahitaji kuelezwa maana yake. Nilimwambia mke wangu habari hiyo palepale, wimbo ukiendelea. Akapiga kigelegele. Kimoja tu, kirefu, cha Tanga kabisa. Wamarekani wa safu yetu wakampigia makofi.

Na "Beautiful Day" ikafunga kazi, dari lote likajaa wanyama na wadudu wa Nevada walio hatarini kutoweka, walionakshiwa na msanii Es Devlin mithili ya kanisa la kale, wakitutazama kutoka juu. Tukatoka nje tukiimba.

Sasa mambo ya mkononi kwa anayepanga kwenda. Viti: chukua ngazi ya 200 au ya 300, eneo la katikati. Pale skrini unaipata yote. Safu za nyuma za ngazi ya 100 ziepuke, maana roshani ya juu inazifunika na dari hulioni. Ngazi ya 400 bado ni nzuri, ila mwinuko wake ni mkali sana. Mwenye kizunguzungu au magoti mabaya atulie chini. Wenye nguvu za kusimama, eneo la mbele ya jukwaa linakuweka karibu na wanamuziki, lakini itabidi uinue shingo usiku mzima. Bei za tiketi za U2 zilitangazwa kuanzia dola 140 na zikawa zinapanda kwa kadiri watu walivyozigombania, kwa hiyo siku za katikati ya wiki zitupie jicho kwanza. Fikeni mapema. Kuleni kabla ya kuingia.

Na kama tiketi za U2 zilikupita, usivunjike moyo, bendi nyingine zimefuata. Phish waliingia Sphere Aprili 2024, Dead & Company wakafuata Mei, na msimu wa mahafali ya Marekani ndio huohuo wa Mei. Jumba lipo, spika zipo, na muhula wa mwenzi wako unakwisha.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa tiketi zenyewe. Watoto wabaki na shangazi, marafiki wasubiri pilau. Nunua mbili, zinazopakana, kisha kaeni muongee!